Malalamiko Kuhusu Milimita Kumi na Mbili

Lillmyrliden,
Alhamisi, 17 Septemba 1987.

Kwa Ndugu Ragnvald Öhlén,
Kiongozi wa Kikosi cha Uwindaji wa Elki,
Lillmyrliden.

Nakala: Mchungaji wa Usharika.

YAH: OMBI LA KUKIGAWA KIKOSI, MSITU NA, IKIWEZEKANA, KANISA

Ndugu Kiongozi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ingawa nilikuona asubuhi ukimwaga majivu na ulionekana mzima kabisa. Najua sanduku lako la barua na langu yamepigiliwa kwenye nguzo moja. Hata hivyo hii nimeibandika stempu, izunguke na posta hadi mjini na kurudi, kwa sababu jambo zito halipitishwi juu ya ua kama sufuria ya kuazima.

Mimi ni mwanachama wa kikosi hiki tangu mwaka 1943 na sijawahi kulalamika kwa maandishi. Nimelalamika kwa mdomo tu, tena nikiwa nimeketi. Leo naandika nimesimama, maana Gerda mke wangu amejaza vitambaa vya harusi juu ya meza na viti vyote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu elki wa Jumatatu. Saa mbili na robo asubuhi dume, kulungu mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe za ncha kumi na moja alitoka kinamasini akapita mbele ya vituo vitatu. Kituo cha tatu alikaa Shangazi Tekla, miaka themanini na mmoja, na kikapu chake cha kufuma. Cha nne nilikaa mimi. Cha tano alikaa Mattis Bäckström, kijana ambaye tarehe kumi Oktoba anatarajia kumwoa binti yangu Signhild. Mimi nilipiga. Mattis naye alipiga. Mnyama akaenda hatua arobaini, akalala.

Tulipomkagua tulikuta tundu moja tu, begani, na kichwa cha risasi hakikutokea upande wa pili. Kwa desturi yetu aliyepiga ndiye achukuaye pembe. Tundu ni moja na wanaolidai ni wawili, nami mmoja wao namfahamu tangu kuzaliwa kwake kuwa ni mtu mkweli, kwa kuwa ni mimi. Tundu ni langu.

Wapo wanaosema walisikia milio mitatu. Nakubali. Wa tatu ulikuwa mwangwi kutoka mlimani. Watu haohao wanadai kwamba mwangwi huo ulisikika kabla hatujapiga. Mimi si mtaalamu wa sauti, na mlima ule sijawahi kuuelewa.

Nakiri kwamba ulifuata utaratibu. Uliita kila kituo kwa redio ukauliza nani amepiga. Mimi nilijibu mara tatu. Mattis alijibu mara moja. Shangazi Tekla hakusikika, ukaandika katika daftari "hakupiga", kama unavyoandika kila mwaka tangu tuliponunua redio hizo. Kuhusu yeye sina lalamiko.

2. Kuhusu risasi zenyewe. Kwa faida ya Mchungaji, ambaye si mwindaji, naeleza. Mimi natumia thelathini-sifuri-sita. Mattis anatumia tatu-sifuri-nane. Kichwa cha risasi ni kilekile, unene uleule, uzito uleule wa gramu kumi na moja nukta saba, kiwanda kilekile, hata boksi ni la rangi ileile. Tofauti ipo kwenye ganda. Ganda langu lina urefu wa milimita sitini na tatu, lake hamsini na moja. Yaani milimita kumi na mbili.

Watu wanacheka. Folke wa kinu cha mbao alicheka hadi akakaa chini. Lakini mimi nauliza: mtu anayempunguzia elki milimita kumi na mbili leo, kesho atampunguzia mkewe nini? Isitoshe, risasi yake hiyo ilibuniwa mimi nikiwa tayari nimeoa. Siwezi kukiamini kitu nilichokitangulia kuoa.

(Juu ya ile bunduki ya sita na nusu ya Shangazi Tekla, iliyobuniwa karne iliyopita, sisemi kitu. Kwa maoni yangu ile ni sindano ya kufumia iliyofungwa kitako.)

Ushahidi wa ubora wa risasi yangu uko barazani kwangu kwa yeyote anayetaka kuuona. Ni pembe za mwaka 1979, ncha kumi na tatu. Tundu lilikuwa moja, begani, na mnyama alikwenda hatua arobaini. Kwa risasi ile hakuna kubahatisha.

3. Kuhusu mtihani wa shabaha. Mwezi wa nane, mbele ya elki wa mbao akimbiaye kwenye reli, Mattis na mimi tulipata alama sawa. Naomba iandikwe kwamba alama zangu zilikuwa nzito zaidi.

4. Kuhusu mwenendo wa Mattis kando ya moto. Jumatatu baada ya kazi tulikaa tukichoma soseji. Alikalia gogo langu, akatumbukiza jibini kwenye kahawa yake, kama desturi yetu, ila kwa utulivu wa mtu asiye na deni la maneno na mtu yeyote. Nikamuuliza mbele ya wote, kwa upole, elki ni wa nani. Akatafuna kwanza. Kisha akasema, "Labda wako, labda wangu, Mzee Halvar. Nyama si ileile?"

Ndugu Kiongozi, anayebishana namuweza. Nimebishana na baba yako miaka ishirini na mitatu juu ya nguzo moja ya uzio, na nilimzika vizuri. Lakini huyu habishani. Unamsukuma, anakupisha, unaanguka mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hafai kuingizwa katika ukoo wetu, ambao umejengwa kwa mabishano kuanzia msingi hadi kwenye paa.

5. Kuhusu Signhild. Hapa kalamu inakuwa nzito. Mtoto huyu alianza kukaa nami kituo cha nne akiwa na miaka tisa, amebeba chupa ya kahawa kubwa kuliko kifua chake. Alijua kunyamaza kuliko mtu mzima yeyote. Alipotimiza miaka kumi na minane nilimpa bunduki ya thelathini-sifuri-sita, nikamchongea jina lake kwenye kitako kwa mkono wangu, na herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikabidi ipinde kona.

Jumanne nikasikia dukani kwamba ameiuza na kununua tatu-sifuri-nane, ili yeye na mwenziwe wanunue risasi za boksi moja. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikamuuliza kama ni kweli. Alivuta pumzi ndani kwa mdomo, fyuu, ile "ndiyo" yetu ya huku, inayoingia badala ya kutoka. Niliisikia ikiingia, na mimi nikahisi kitu kinatoka. Niliumia, Ndugu Kiongozi. Naliandika bila kulipamba: niliumia sana.

Nikamwambia kwamba kama ni hivyo, mimi harusini siji. Akaendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Baba, milimita kumi na mbili ni ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Harusi ni tarehe kumi. Ukija, karibu. Usipokuja, kiti chako atakikalia Jerka." Jerka ni mbwa wangu mimi. Nilimtazama pale chini ya meza kuona kama atakataa. Alitikisa mkia.

6. Kuhusu wajukuu ambao hawajazaliwa. Mtoto wa thelathini-sifuri-sita na tatu-sifuri-nane atatumia nini? Wastani wa sitini na tatu na hamsini na moja ni hamsini na saba. Nimeuliza dukani. Ganda la milimita hamsini na saba wanalo, lakini ni la risasi ya wageni kutoka kusini, watu wanaokunywa kahawa bila kuichemsha. Yaani kwa harusi hii moja tu, ndani ya vizazi viwili, Lillmyrliden itakuwa imehamia kusini bila mtu kupanda treni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Uamue kwamba elki wa Jumatatu ni wangu, na pembe ziletwe barazani zikae karibu na zile za 1979.

(b) Msitu ugawanywe kwa mstari kuanzia kinu cha mbao hadi ziwani, watu wa sitini na tatu wawinde mashariki na wa hamsini na moja magharibi. Elki watajizoesha.

(c) Kanisani nasi tukae hivyohivyo, kila urefu na upande wake. Na katika kiapo cha ndoa, baada ya maneno ya raha na shida, Mchungaji aongeze swali: "Na je, utatumia ganda la baba mkwe wako, hadi kifo kitakapowatenganisha?" Mattis ajibu kwa sauti. Mimi nitakuwa nje dirishani, nitasikia.

Nikikosa jibu kufikia siku ya kukata nyama, nitajitoa kikosini na kuunda kikosi changu, chenye mimi kama kiongozi na Jerka kama katibu, endapo atakuwa hana shughuli ya harusi.

Msalimie mkeo Alfhild na uji wake wa shayiri, mama mkwe wako na goti lake, Folke akishamaliza kucheka, na wote wa ng'ambo ya ziwa. Mattis naye msalimie ukimwona, ila salamu zake zipunguze kidogo mwishoni.

Wako mtiifu katika haki na thelathini-sifuri-sita,

Halvar Sundelin,
Kituo cha nne.

N.B. Leo ni Jumamosi jioni. Barua haikuondoka kwa kuwa Gerda aliifunika na kitambaa cha meza. Wewe ulikuwa mjini kwenye ubatizo, kwa hiyo hukuona yaliyotokea, nami nalazimika kukueleza.

Tulipokata bega la elki pale bandani, Mattis alikitoa kichwa cha risasi akakiosha. Nilileta ganda langu, yeye akaleta lake. Kilizama ndani ya langu kikalia kama kijiko ndani ya ndoo. Kilizama ndani ya lake kikalia vilevile. Kilikuwa chembamba na kirefu, kama sindano ya kufumia. Sote tuligeuka kumtazama Shangazi Tekla, aliyekuwa akifunga maini kwenye karatasi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo mara ya pili. "Nilijibu, mwanangu. Ragnvald aliniuliza kwa redio kama nimepiga, nikamjibu ndiyo." Kisha akatuonyesha alivyojibu: alivuta pumzi ndani, fyuu.

Redio haibebi pumzi, Ndugu Kiongozi. Redio inabeba sauti inayotoka, na sisi "ndiyo" yetu inaingia. Anasema amekuwa akikujibu hivyo kila mwaka. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, juu ya mwaka 1979. Fyuu. Pembe za barazani nimeshazishusha, naomba uje na gari maana haziingii kwenye toroli.

Mattis na mimi tulirudi kinamasini kutafuta risasi zetu. Tulizikuta katika msonobari mmoja, nyuma kabisa ya alikopita elki, matundu mawili, na kati yake kidole gumba changu hakikupita. Tulizichimbua kwa kisu tukazipima kwenye mizani ya Gerda ya unga. Sindano ilisimama palepale mara zote mbili. Kisha Mattis akazitia mfukoni zote pamoja, na sasa hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Nilitaka kukasirika nikakuta sina pa kuanzia.

Kwa hiyo tafadhali usiisome barua hii. Naituma tu kwa sababu stempu imekataa kubanduka. Lakini daftari lirekebishe, na pembe zote mpelekee Tekla, ingawa ameshasema za Jumatatu atawapa maharusi.

Tulipotoka bandani Signhild alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akaniuliza kama tarehe kumi nitakuja. Nilivuta pumzi. Halafu, kwa kuwa sasa nimejifunza, nikarudia kwa sauti ya kutoka, hadi Folke akasikia ng'ambo ya barabara: ndiyo.