Dakika Arobaini kwa Dada Agatha

Jumatatu, 18 Agosti 2025. Nambambo, Nachingwea.

Miaka arobaini na moja, miezi saba na siku tatu tangu niondoke Ziwa Nyasa. Nimehesabu kabla ya chai. Nilikuja huku kufundisha jiografia kwa miaka miwili. Sijarudi hata kwa mazishi ya mama. Simu ya maandishi ilifika Jumanne. Jumatano nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la saba. Nikasimamia. Ilikuwa Septemba 1996. Mwaka uliofuata niliona aibu kwenda kuhani nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Aibu ya mwaka mmoja ikazaa ya pili. Sasa ni karibu ishirini na tisa.

Jana dada yangu Agatha alimpigia mke wangu Teodosia. Si mimi. Ana miaka themanini na moja, macho yanamwishia, na anataka kuniona kabla hayajazima. Teodosia alinipa habari huku akipepeta mchele, bila kuniangalia. Hufanya hivyo akiwa amekwisha kuamua.

Basi nitakwenda. Lakini si peke yangu, kama mshtakiwa. Nimepata mbinu! Ziara ya wastaafu kuzunguka Ziwa Nyasa lote, nchi tatu, siku kumi na nne, kiongozi mimi. Kijijini kwetu, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, tutapita tu. Dakika arobaini. Mbele ya wageni hakuna Mnyasa anayemkemea nduguye. Atahangaika na viti na samaki. Akimaliza kuzungusha maji ya kunawa, naangalia saa. Macho yameona, heshima imepona.

Jumatano, 20 Agosti.

Ratiba imekamilika: kurasa kumi na moja, na ramani niliyoichora kutoka atlasi ya shule. Nimebandika tangazo kwenye duka la pembejeo, kwa kuwa msimu huu kila mtu hupita pale kwa ajili ya salfa ya mikorosho. Hadi saa sita nina watu watano. Hajra, nesi mstaafu, aliuliza swali moja tu: vyoo. Nilimwonyesha ukurasa wa nne. Akasema amewahi kuona ratiba za chanjo zenye huruma zaidi.

Saa saba akaja Shaibu. Balaa!

Shaibu ni jirani yangu, ana ekari kumi na mbili za korosho, na ni Myao. Yaani mtani wangu. Mgeni wa kawaida hunyamaza ugenini. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hasa penye msiba, na hairuhusiwi kukasirika. Nimejenga ukuta wa wageni, sasa ukuta unataka kuingiza mdomo wake wenyewe. Nilimwambia nafasi zimejaa. Akahesabu majina kwa kidole, akaandika lake kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha tangazo.

Jumamosi, 23 Agosti.

Nimeongeza sharti: mwisho wa umri ni miaka sitini na tisa, kwa usalama majini. Shaibu ana sabini na kitu, nilidhani. Amekuja na kitambulisho. Sitini na nane! Kisha akauliza kwa sauti, mbele ya wateja wote wa duka, kiongozi ana miaka mingapi. Nina sabini na mmoja. Hajra alicheka mpaka akakalia mfuko wa salfa. Sharti limeondolewa.

Mchana nilikwenda Ruangwa kukodi gari kwa Nuhu, mwenye Kosta. Wenye magari wa Nachingwea wananifahamu mno. Nuhu aliisoma ratiba yote akitafuna muhogo. Akasema, "Mzee wangu, hii si safari ya Kosta, hii ni ya ndege korongo." Upande wa Msumbiji niliochora barabara, binamu yake aliwahi kupita, na barabara hiyo ilikuwa mbuzi wawili. Nilimweleza kwamba atlasi haisemi hivyo. Akajibu atlasi haijawahi kupata pancha. Mtu asiye na adabu. Tumekubaliana.

Jumatano, 27 Agosti.

Usaliti.

Agatha amepiga tena. Kwa Teodosia tena. Alitaka kujua tutakuwa wangapi, akasema nisiwe na wasiwasi juu ya Waislamu, amekwisha kumpata Mwislamu wa kuchinja. Kuchinja nini? Mbuzi wawili. Kwa nini wawili? Kwa kuwa wazee wa ukoo wanakuja, na padri, na kaburi la mama linafagiliwa tangu Jumapili. Mtoto anakuja kuhani!

Nani kamwambia ninakuja kuhani? Shaibu. Nani kampa Shaibu namba? Mke wangu, ambaye alikiri bila hata kuacha kukuna nazi. Nilimwuliza kama anajua maana ya siri. Akasema siri ni kitu ambacho watu hawakijui, na hilo langu Nambambo nzima wanalijua tangu mwaka tisini na sita.

Nilivuka kwenda kwa Shaibu. Nilimkuta akifagia chini ya mikorosho yake, akijiandaa kwa mavuno. Nilimwambia ameingilia mambo ya familia. Akaegemea ufagio. Akasema mimi ni bibo, tunda la mkorosho: matunda yote ya dunia huficha mbegu tumboni, bibo peke yake mbegu yake inaning'inia nje na kila mpita njia anaiona. "Usikasirike, Mnyasa," akasema, "ukikasirika natoza kuku."

Sikukasirika. Nimeandika hapa kwamba sikukasirika.

Ijumaa, 29 Agosti.

Nimeitisha kikao cha wasafiri sebuleni kwangu. Nimependekeza mabadiliko madogo ya kitaalamu: tuingilie Kyela, tuzunguke kwa upande wa Malawi, Mbamba Bay tuiache kwa sababu ya upepo. Nilieleza habari ya upepo kwa dakika ishirini, nikitumia ramani na kijiko. Nadhani nilieleza vizuri. Hajra aliuliza kama upepo huo una jina la Agatha.

Wakapiga kura. Kura nane kwa Mbamba Bay. Yangu kwa Kyela. Wanafunzi wangu wa darasa la sita mwaka 1987 walikuwa na nidhamu kuliko hawa.

Jumatatu, 1 Septemba.

Kosta ilifika saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa kitandani na malaria. Hajra akaingia na kipimo cha haraka, akanitoboa kidole, tukasubiri dakika kumi na tano, yeye akifuma. Hakuna malaria. Nikasema labda ni mgongo. Mgongo hauna kipimo. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwaangalia akina baba waliokataa kuingia wodi ya wazazi. Akasema dawa ya mgongo huo iko Nyasa.

Shaibu alisimama mlangoni, amevaa kanzu na koti. Nilitegemea utani. Hakutania. Alisema, "Twende, Mwalimu. Nitakaa karibu nawe." Nilimwonyesha mgongo wangu, nikageukia ukutani.

Teodosia, naye na mfuko wake wa safari, alikuwa wa mwisho kutoka. Alisema ugali wa mchana uko kwenye hotipoti. Nilimsikia Nuhu akiuliza kama mzee haji. Nilimpa mke wangu ratiba kupitia dirisha. Kiongozi hubaki kiongozi.

Alhamisi, 4 Septemba.

Kwa mujibu wa ukurasa wa tano, leo wako Msumbiji. Nimempigia Teodosia kuthibitisha. Wako kwa Agatha! Tangu juzi! Nilimkumbusha dakika arobaini. Akasema subiri kidogo, wanamenya mihogo. Nyuma yake nikasikia maji yakipiga mchanga. Sauti ile sijaisikia mahali pengine popote. Nikakata simu ili kuokoa muda wa maongezi.

Mgongo umeanza kuuma kweli.

Jumanne, 9 Septemba.

Wamerudi. Hawakuzunguka hata robo ya ziwa. Nchi moja! Siku sita kwenye uwanja wa dada yangu, kurasa sita za ratiba hazikufunguliwa.

Shaibu ametoa taarifa. Wazee walikuwa wamekaa kwa duara, kiti changu katikati. Yeye akaenda akakikalia. Akawaambia, "Mtoto wenu ameshindwa na mgongo, mimi ni mtani wake, nikemeeni mimi." Wakamkemea saa nzima. Agatha ndiye aliyeanza, akamwita kwa jina langu la utotoni. Kisha Shaibu akalala juu ya kaburi la mama, akasema hashuki mpaka mimi nisamehewe. Wakamwacha huko tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Nikasamehewa. Akatozwa jogoo. Anataka nimrudishie jogoo.

Agatha amenisamehe lakini anasema msamaha si macho. Bado anaona mwanga upande wa kushoto. Teodosia anarudi huko Desemba, nipende nisipende, na Hajra anampeleka dada hospitali ya misheni. Kiti kitupu garini kipo, wamesema wote wawili, kwa zamu.

Nimesikiliza hadi mwisho. Halafu nikawaonyesha makosa yao: kikundi kimepotea njia kwa sababu kiongozi hakuwepo, na kiongozi hakuwepo kwa sababu ziwa halikuchaguliwa kwa uangalifu. Nimeyarekebisha yote leo hii. Ziwa Tanganyika! Nchi nne, si tatu. Refu kuliko Nyasa, na lina kina zaidi. Sina ndugu hata mmoja kwenye ufuko wake. Ratiba mpya ina kurasa kumi na nne, tunaondoka Desemba. Hajra ameuliza ni Desemba tarehe gani. Nimemwambia tarehe zote.

Nyasa sitarudi.