Tume ya Kugeuza Gobele Kuwa Gramu

Wananchi wote wa Kolwezi wanajulishwa kwamba kuanzia mwezi huu unga wa mkate haupimwi tena kwa gobele, kile kikombe cha sokoni. Unapimwa kwa gramu, kama katika nchi zilizoendelea. Tangazo hilo nililiandika mimi, Lukusa, katibu wa Tume ya Kugeuza Gobele Kuwa Gramu. Sijawahi kuoka hata andazi, lakini kalamu ninayo, na nilidhani hiyo inatosha.

Tume haikuwa na mizani. Mwenyekiti wetu, Tata Mkurugenzi Mukalay, ana depo yake ya kununua madini kwenye barabara ya Mutoshi. Kwa moyo wa kujitolea akatuazima mizani ya pale. Nilimshukuru kwa barua ya kurasa tatu.

Tulianza na Mama Ntumba wa Dilala, ambaye mikate yake tunaila hata sisi tunaomsumbua. Nikamweleza kwamba akishindwa kuoka kwa gramu, tanuri lake litafungwa. Watoto wake watano wanasomeshwa na mapato ya tanuri hilo.

"Tata Katibu," akasema kwa heshima, "mi napimaka na gobele, miaka kumi na mbili sasa. Kilo moja ya bunga, gobele munane. Mukate inatoka muzuri."

"Mama, sayansi haina gobele."

Akapima kilo moja kwenye mizani yetu. Ilimeza gobele kumi. Mkate ukatoka mgumu hata kisu kikakataa. Mimi niliuuma, jino likavunjika, nikaandika katika ripoti: "Mkate ni imara." Aibu nilisikia, ila fomu haina sehemu ya aibu.

Mama Ntumba hakubishana. Alichukua pakiti ya unga ya kilo moja, ya kiwandani, haijafunguliwa, akaiweka juu ya mizani. Gramu mia nane.

"Kiwanda kinaiba," nikasema.

Akaweka nyingine, ya kiwanda kingine. Mia nane.

"Vyote viwili vinaiba. Nitaandika."

Mume wake, Tata Ngoyi, anayechimba madini Mutoshi, alikuwa amekaa juu ya bidoni la maji akinywa chai. Akaacha chai, akaionyesha mizani kwa kidole.

"Hii balanse inatoka wapi?"

"Depo ya Tata Mkurugenzi," nikajibu kwa fahari.

"Njo ile banapimiaka mifuko yetu ya madini?"

"Ile ile, Tata."

Akaniomba nimwandikie karatasi. Katika miaka kumi na tisa ya utumishi, hakuna mtu aliyewahi kuomba karatasi yangu, kwa hiyo nilipiga nakala ishirini: "Tume inathibitisha kwamba palipo na kilo moja, mizani hii inasoma gramu mia nane." Tata Mkurugenzi akazisaini zote bila kusoma, maana wakubwa wana kazi nyingi.

Jumatatu mizani ikarudi depo. Jumanne wachimbaji wakajipanga mlangoni, kila mmoja na mfuko wa madini begani na pakiti ya unga mkononi. Pakiti inatangulia. Ikisoma mia nane, mfuko haushuki. Mpaka saa sita hakuna hata mfuko mmoja uliokuwa umeshuka.

Tata Mkurugenzi akafika na gari lake la jipu, mimi nyuma nimebeba daftari.

"Waambie mizani ni nzima," akaninong'oneza.

"Mizani ni nzima," nikatangaza. "Unga ndio una kasoro."

Hakuna aliyecheka, na hiyo iliniuma kuliko kuchekwa. Tata Ngoyi akanyoosha karatasi yangu. Mkurugenzi akasoma mstari wa kwanza, uso ukabadilika.

"Aliyesaini hii takataka afukuzwe kazi leo leo. Andika, Lukusa."

Nikafungua daftari, nikaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa. Kisha nikamwonyesha, kwa kuwa utaratibu unadai mhusika ajulishwe. Akatazama saini yake chini ya karatasi, akatazama ile foleni. Akaingia ndani ya gari bila kuaga mtu.

Mama Ntumba, aliyekuja na mume wake, akanisogelea.

"Na furu yangu, Tata Katibu?"

"Tume isiyo na mwenyekiti haifungi tanuri la mtu, Mama."

"Basi nipishe," akasema, "niende nikaoke."