Ngome ya Wafalme na Kiganja cha Saruji

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani kuja kupiga lipu ughaibuni.

Mgongo unauma, lakini leo nyapara katuletea neema. Kampuni imepata kazi ya kukarabati ngome ya kale, katika ile nchi iliyokuwa na wafalme wakati wengine hatujui hata mlango ni nini. Atakwenda fundi lipu mmoja tu. Kazi ikiisha anapewa likizo, na kutoka pale hadi kwetu ni safari ya basi. Ngome hiyo naijua! Ilikuwa kwenye kitabu cha historia. Shule niliiacha kabla hatujafika kwa aliyeijenga. Jaribio linaanza kesho na Jumamosi tunakaguliwa: kila mtu na ukuta wake wa mawe, chokaa tupu kama wazee wa zamani. Saruji marufuku.

Nimempigia mke wangu. Nikamwambia napitia kwa wafalme, halafu nyumbani. Akauliza kama nimeshachaguliwa. Nikasema ni kama nimeshachaguliwa. Kabla sijakata simu nikamsikia akimwita mama yake.

Jumanne, 4 Machi.

Mshindani ni mmoja: Kipara, anayelala kitanda cha juu yangu na kukoroma kama mashine ya zege. Chokaa yake anaikoroga kama anabembeleza mtoto. Anapaka kidogo, anamwagia maji, anasubiri. Anasubiri! Mpishi wa kambi yetu kaniuliza ngome ilijengwa na nani. Nikajibu, wafalme. Wafalme gani? Wa zamani. Kacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi.

Alhamisi, 6 Machi.

Nimepata dawa. Kiganja cha saruji katika kila ndoo ya chokaa, Kipara akiwa msalani. Nani atajua? Jioni ukuta wangu mgumu, unang'aa kama yai. Wake bado unatoa jasho. Nimemhurumia, nikampa mto wangu wa kulalia. Ninakokwenda sitauhitaji. Begi nimeshafunga.

Jumamosi, 8 Machi.

Balaa! Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, kagonga ukuta wangu kwa kidole. Ukalia kama debe tupu. Kagonga tena. Lipu yote ikabanduka, na mawe mawili yakaifuata, moja likatua karibu na kiatu chake. Akauliza kama humo mna saruji. Nikasema labda imeletwa na upepo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema kule ngomeni wana miaka wanabandua lipu za saruji za watu wenye haraka kama mimi, maana zinafungia unyevu na kuula ukuta kwa ndani. Kachaguliwa Kipara. Akaniuliza, ndugu yangu, mto wako nikurudishie? Nikakataa kwa kiburi.

Jioni mke wangu kapiga. Mtoto, niliyemwacha ananyonya, kachukua simu. Anataka kujua nitavaa shati la rangi gani, ili anitambue nikishuka kwenye basi. Nikasema la bluu. Kisha nikasingizia mtandao. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 9 Machi.

Kipara kaondoka na mto wangu. Hata kukoroma kwake nakukumbuka.

Mchana nyapara kasema ngome ina mnara wa udongo, na anatakiwa fundi mmoja zaidi. Majaribio mwezi ujao. Udongo tupu, saruji marufuku. Udongo! Hapo wajinga hunaswa kwa rangi ya kijivu ya saruji. Mimi saruji yangu nitaichanganya kwanza na vumbi la matofali.

Nimemtumia mke wangu ujumbe: shati ni lilelile la bluu, mwezi wa sita niko nyumbani, mwambie na mama yako.