Hisabati Ilale Shuleni Pamoja na Mafagio

Kwako Mwalimu Anania,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Nne.

YAH: HISABATI KUHAMIA NYUMBANI KWANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama yake Eveline, muuza nyanya wa hapa Ilula barabarani, na sina ugomvi na wewe. Ila kwenye kikao cha wazazi ulituambia kila mmoja achague njia ya kumsaidia mtoto hesabu nyumbani, inayoendana na maisha yake. Tukatii. Jirani yangu Jackline alichagua nyimbo. Mtoto wake sasa analiimba jedwali la saba vizuri kuliko kwaya, ila ukimkatiza lazima aanze upya. Tusekile alichagua fimbo, na mtoto wake amejua mbio. Mimi nilichagua nyanya kwa sababu ndizo nilizo nazo. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sado. Unaijua sado yangu, ile ndoo ndogo ya kupimia, maana umenunua kwangu mara nyingi. Kitako chake kimebonyea kwa ndani. Sikukibonyeza mimi; niliirithi kwa mama mkwe ikiwa hivyo hivyo, na adabu ni kutouliza. Jumanne basi la kwenda Mbeya limesimama, abiria wamenyoosha mikono madirishani, Eveline akahesabu nyanya za sado yangu, akahesabu za Jackline anayeuza kando yangu, akatoa, kisha akasema kwa ile sauti mnayowafundisha ya kujibu darasani: "Mama, sado yetu imepungukiwa nyanya saba." Basi zima likadai saba saba za nyongeza. Jackline alicheka mpaka akakaa chini. Niliona aibu, Mwalimu, sikufichi.

2. Baki. Tulichinja kuku, zikatoka finyango kumi na tatu, na sisi tuko watano. Tangu enzi za mababu nyama hugawiwa kwa ukubwa wa mtu. Mtoto akagawa mbili mbili, zikabaki tatu, akamuuliza baba yake ni kwa kanuni gani baki lote huwa lake. Sosthenes hakuwa na kanuni. Alikuwa na njaa. Naomba baki lifutwe kwenye mtaala, au mfundishe wazi kwamba baki ni la baba.

3. Huyo huyo Sosthenes ni mzee wa kanisa, naye ndiye husoma idadi ya washarika. Kwa miaka tisa tumekuwa mia tatu na hakuna aliyeumia. Jumapili iliyopita Eveline akahesabu mabenchi ishirini na mawili, watu sita sita, akamweleza mchungaji mlangoni kuwa tuko mia moja thelathini na wawili. Mchungaji anauliza wengine wamekwenda wapi, na mume wangu anazunguka Ilula kuwatafuta.

4. Nilipomficha mtoto ndani, abiria wakaanza kumuulizia "yule wa hesabu", na wasipomwona hawanunui. Sasa yeye ndiye anayejaza sado, mimi niliyemzaa nashika mfuko.

Kwa hiyo naomba Eveline awe anaiacha hisabati shuleni saa ya kutoka, kama anavyoacha fagio. Ikishindikana, siku za biashara ahesabu mwisho kumi. Ikishindikana kabisa, mrudishe darasa la tatu. Kule alikuwa mtoto mtulivu.

Nisalimie mama watoto, walimu wenzako wote, na yule mlinzi wa getini. Mwambie nyanya zake nimemwekea.

Mzazi mwenzako katika malezi,
Benedicta Kihwele (Mama Eveline)

N.B. Sado nimenunua nyingine, yenye kitako kizima. Ile ya zamani kuku wanainywea maji.

Na jambo jingine, ambalo Sosthenes asilijue. Kwenye daftari la Eveline, lile swali la nane la kugawanya, uliloliwekea vema na kuandika "Hongera sana", si yeye aliyelifanya. Alikuwa amelala, nikalifanya mimi. Niliacha shule darasa la tano nikaenda kuchuma nyanya, na kugawanya ndiko tulikokuwa tumefika. Tangu nizaliwe sijawahi kupata vema. Nimeiangalia mara nyingi.

Kwa hiyo hisabati usiizuie kuja. Tuma maswali mengine, hasa yenye baki, na daftari la pili. Juu yake andika Benedicta.