Ndege ya Jumatatu

Jumatano, 9 Aprili

Dada Ernesta amepiga simu kutoka hospitali, Mwanza. Sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Anataka kutuona, mimi na mdogo wetu Sifael, na amesema tusikawie. Nilichanganyikiwa, nikamwamkia mara mbili. Zote akaitikia. Ndiye aliyetulea mama alipofariki. Mimi alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kuona aibu.

Sifael anataka tuondoke kesho kwa basi. Basi! Arusha, Singida, Shinyanga, kote huko umekunja magoti. Nimemwambia atangulie na magoti yake. Mimi Nathanaeli nitapanda ndege, Kilimanjaro hadi Mwanza. Nitaondoka nyuma yake na nitafika mbele yake. Hapa Chome anayejidai kujua ndege ni Gideoni peke yake, katibu wa kwaya, aliyewahi kupelekwa Mbeya kwenye semina. Tangu hapo hakuna kikao asichotaja mawingu. Sasa atanyamaza.

Alhamisi, 10 Aprili

Sifael ameondoka asubuhi kwa bodaboda, na blanketi na furushi la magimbi. Hakubishana hata kidogo. Inaudhi.

Nimeshuka Same kwa wakala wa tiketi, binti mmoja anaitwa Saada. Ana adabu, ameniamkia vizuri. Amesema kesho kuna kiti. Nikaomba nifikiri kwanza, nikatoka nje, nikafikiri. Kesho ni Ijumaa. Nikiondoka Ijumaa, nani atajua? Jumapili ni ya Mitende. Usharika mzima utakuwepo, hata wale wanaokuja mara moja kwa mwaka. Nikarudi ndani nikasema Jumatatu. Saada akauliza kama mgonjwa hana hali mbaya. Nikamjibu kwamba dada yangu ni mwanamke wa milimani, hatikisiki. Akakata tiketi, lakini aliniangalia.

Jumamosi, 12 Aprili

Sifael amepiga simu. Alifika jana usiku, amevimba miguu, yuko pembeni ya kitanda. Dada anauliza niko wapi. Nimemwambia amjibu kwamba niko njiani. Kwa maana fulani niko njiani.

Nimempelekea Fanueli, mzee wa kanisa, tangazo la safari yangu alisome kesho. Amelifupisha! Ameondoa maneno "kwa njia ya anga". Tumevutana mpaka akayarudisha.

Jenifer, mke wangu, ameniuliza kwa nini nisimpigie yule binti anibadilishie, niondoke leo. Nikamweleza kwamba mambo ya ndege hayaendeshwi kama mambo ya bodaboda. Akachukua jembe akaenda shambani. Amerudi, ameniwekea makande mezani. Nimekula nikitazama ukuta.

Jumapili, 13 Aprili

Limesomwa! Fanueli amelisoma lote. Vichwa viligeuka mpaka vya kwaya. Baada ya ibada Gideoni amenisogelea uani, akaniuliza mbele za watu kama najua kwamba masikio huziba kule juu. Nimemjibu kwamba masikio yangu ni mazima. Watu wakacheka, naye akarekebisha tai.

Mchungaji ameniombea safari, akanitaja kwa jina langu lote. Dada ameombewa kama "mgonjwa wake". Hakuna aliyeuliza anaitwa nani. Nami nilikuwa nimesimama pale mbele, ningeweza kusema. Liliniuma. Kisha watu wakaanza kunishika mkono, foleni nzima.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua! Imenyesha usiku kucha na haikukoma. Gari nililokodi limezama kwenye kona ya pili, matope hadi kwenye milango. Bodaboda hakuna aliyekubali kushuka. Nimeteremka kwa miguu hadi Makanya, koti la suti mwilini, begi kichwani, viatu mkononi. Nimefika barabara kuu ndege ikiwa imeshaondoka. Saada amenihamishia Jumatano.

Nimempigia Sifael. Anasema dada haongei tena. Ila mlango wa wodi ukifunguliwa, anafumbua macho akatazama.

Nimelia pale pale mbele ya duka. Mama mwenye duka akaniuliza kuna nini. Nikasema ni mvua imeniingia machoni. Akanipa kiti.

Jumanne, 15 Aprili

Dada Ernesta amefariki alfajiri.

Sifael amenisimulia bila kunilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mwishoni sauti ilimrudia dada kidogo. Alimshika mkono, akamwita Nathanaeli. Akamwita tena. Sifael akaitika, "Naam, dada." Akatulia.

Ameitika kwa niaba yangu. Sina hasira naye. Nina wivu ambao sijui niuweke wapi.

Alhamisi, 17 Aprili, Mwanza

Tumemzika. Ndege nilipanda jana. Sikuona mawingu, nilifumba macho njia nzima. Jirani yangu alidhani naogopa, akanipa pipi.

Shemeji Yonas, mume wa marehemu, amenipokea mlangoni. Amesema tu, "Umefika, shemeji." Amezeeka ghafla, shati linamning'inia. Watoto hawakujaliwa, kwa hiyo sasa yuko peke yake. Nimeapa mbele ya kaburi kwamba sitachelewa tena kwa mtu wangu. Nimeapa kwa sauti, na Sifael amesikia.

Jumapili, 27 Aprili

Nimerudi Chome. Watu bado wananipa pole. Gideoni naye amekuja, amekaa nami muda mrefu na hakutaja mawingu hata mara moja. Mtu mwema, kumbe.

Jioni simu kutoka Mwanza. Ni shemeji Yonas. Amelazwa. Moyo. Ameniomba niende nikae naye, anasema nyumba ile na ukimya wake vimemshinda. Aliongea polepole akipumzika katikati. Sifael anaondoka alfajiri kwa basi, maskini, na miguu ile haijapona.

Mimi sitarudia makosa. Nimempigia Saada papo hapo. Kiti kipo Jumanne. Karibu niseme ndiyo, kisha nikakumbuka kwamba koti la suti bado liko Same kwa fundi, analibadilisha bitana, na amesema Ijumaa. Siwezi kuingia ndani ya ndege na sweta. Wakati ule niliharakisha, nikashuka mlima bila maandalizi, na matokeo tumeyaona.

Nimechukua ya Jumamosi. Nimempigia shemeji nikamweleza, naye akasema sawa. Nimemwambia anisubiri.