Mji Uliofungwa kwa Muda

Munyaka, Eldoret
9 Februari 1987

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu za heshima, nalalamikia makala yako ya Jumapili iliyopita, "Historia ya Kambi Shaba, Mahame ya Mgodi". Nilifundisha Kiswahili katika shule ya kampuni pale kwa miaka kumi na mmoja, kwa hivyo nitayapanga makosa yako kwa namba ili usipotee.

1. Mwandishi wako ameandika "mji iliachwa". Mji uliachwa. Mtu asiyeweza kupatanisha mji na kitenzi chake asikabidhiwe historia yake.

2. Hata "uliachwa" si kweli. Mwaka 1974 meneja alibandika tangazo langoni: "Mgodi umefungwa kwa muda." Nililisahihisha mwenyewe. Halikusema muda gani, na hadi leo hakuna aliyetuandikia kwamba umekwisha. Basi bado tumo ndani yake. Mahame ni mahali ambapo watu wamehama, sisi hatujahama. Tuko Eldoret tu, tukingoja king'ora cha kazi kilie turudi.

3. Umesema hakuna aliyebaki. Yupo Kimutai, mlinzi, anayefungua lango saa moja asubuhi kila siku. Nilipokwenda Desemba alinizuia mpaka niandike kitabuni jina na shughuli yangu. Niliandika, "Kurudi nyumbani." Nyuma yangu mbuzi wake tisa walingoja zamu yao. Mahame hayana foleni.

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue stempu. Binti yangu Nelima alizaliwa Kambi Shaba. Juzi alikwenda kuomba kitambulisho, karani akamfunulia gazeti lako na kumwambia, "Dada, hapa si ni mahame? Mtu atazaliwaje mahame? Enda utafute kwingine pa kuzaliwa." Kiwanda cha nguo kimemwekea kazi hadi mwisho wa mwezi, lakini bila kitambulisho hawamchukui.

Kwa hivyo naomba uchapishe, ukurasa wa kwanza, kwamba Kambi Shaba ni mji kamili ulio likizoni, na kwamba waliozaliwa huko wamezaliwa kweli. Ukiweza, tuombee serikali itupe na diwani wetu. Kwa kuwa sasa kura itapigwa kwa kupanga foleni, mbuzi wa Kimutai hawatahitaji mafunzo.

Nisalimie wapiga chapa wako, mfagiaji, na hata yule mwandishi. Mwambie darasa langu bado li wazi kwake.

Wako katika upatanisho wa kisarufi,

Mwalimu Simeon Murunga
(likizoni)

Tanbihi: Karani akitaka ushahidi, aje kwangu Munyaka. Hatapotea. Mlango ni wa kijani na umeandikwa "Kambi Shaba, Nyumba 14". Nilikuja nao, pamoja na madirisha, mabati yote, na mlango wa darasa. King'ora nacho kiko hapa, juu ya banda la kuku. Mke wangu Nabwire alihofia kisije kikaibwa. Ni kizima kabisa, ila tangu tukilete hakijalia hata mara moja.