Mwenyekiti wa Chama cha Akiba ya Dawa

Jumatatu, 3 Machi 1986. Gongoni.
Kidole gumba cha mguu wa kulia kimepona. Karibu kipone. Nilikikata kwa sepetu kwenye mashamba ya chumvi, Sista Dorcas wa zahanati akanipa tembe za rangi mbili, nne kwa siku, siku saba. Leo ni siku ya tatu na siumwi. Ya nini kumeza dawa wakati ugonjwa umeondoka? Zimebaki kumi na sita. Nimezitia kwenye kopo la majani ya chai.

Kahindi, tunayelala naye chumba kimoja hapa kambini, alijikata siku hiyohiyo kwa sepetu hiyohiyo. Yeye anameza zote, kama aliyetumwa na serikali. Tarehe kumi na tano meneja anachagua nyapara mpya, na anataka mtu wa kusimama kutwa nzima. Ni mimi au Kahindi. Ni mimi.

Jumatano, 5 Machi.
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kambi nzima ina tembe zilizobaki! Mwambire ana tano za jipu. Ochola ana tatu za kikohozi. Mwikali wa hotelini ana nane ambazo hakumbuki zilikuwa za nini. Nchi yote inafanya harambee za shule na visima, sisi tumekaa tu. Nimeanzisha Chama cha Akiba ya Dawa. Kila mmoja anachanga alizobakiza. Akiugua, anachukua mbili. Uenyekiti nimepita bila kupingwa. Kahindi hakuweza kujiunga, eti zake zote zina safari ya tumboni. Mchoyo.

Jumamosi, 8 Machi.
Kidole kimevimba tena. Nimechukua mbili koponi. Moja nimemeza, nyingine nimeifungua na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, kama mama alivyokuwa akitufanyia nyumbani. Jioni kimetulia. Wanachama sasa ni ishirini na mmoja.

Jumatatu, 10 Machi.
Usaha. Nimechukua mbili za manjano, maana zile za rangi mbili nadhani mwili wangu umezizoea. Jipu la Mwambire limerudi na wenzake wawili. Ochola anakohoa kuliko mwanzo. Nimewaambia wasihofu, kopo bado limejaa.

Jumatano, 12 Machi.
Nimeitwa zahanati. Kuna mtu amenichongea. Simtaji jina, lakini ni Kahindi.

Sista Dorcas amenisomesha nusu saa nzima. Eti mwili haujazoea chochote. Walioizoea dawa ni wapangaji waliomo ndani yake. Dawa huvizuia vijidudu kujijenga na kuzaana, ndipo mwili unapata nafasi ya kuvimaliza. Vile dhaifu hufa siku za kwanza, na mtu anajiona mzima. Vile sugu vingali vinahema. Ukiacha dawa hapo, umeviachia nyumba nzima: vinazaa watoto sugu kama vyenyewe, na tena vinawagawia majirani ile siri ya kuishinda dawa. Nimemuuliza vijidudu vinagawana siri kwa mdomo upi. Akajibu kwamba vinagawana kama mimi ninavyogawa tembe, ila vyenyewe vinafaidika.

Ana ulimi mwanamke huyu. Amedai kopo. Nimemwambia chama kina katiba. Hakina, lakini nitaiandika leo.

Jumamosi, 15 Machi.
Nimesimama kwenye mstari tangu saa moja asubuhi, kiatu kimoja kikiwa na kidole kinachodunda. Meneja akaniomba nitembee hatua kumi. Nilitembea nne.

Nyapara ni Kahindi. Amri yake ya kwanza ni kwamba nipelekwe hospitali Malindi. Akanibeba mgongoni mwenyewe mpaka kwenye gari. Nilimchukia njia nzima. Nimelia kidogo, kwa maumivu ya kidole, si kwa cheo. Hapana, kwa cheo.

Jumatatu, 17 Machi. Wodini, Malindi.
Homa. Daktari amechukua usaha wangu kwa kijiti cha pamba ili vijidudu vioteshwe maabara na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Amesema kidole huenda kikakatwa. Naogopa. Naogopa sana, na naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 21 Machi.
Majibu yametoka. Rangi mbili, havijali. Penisilini, havijali. Za manjano, havijali hata kidogo. Daktari aliwaita wenzake wawili waje kusoma ile karatasi. Nilijisikia fahari fulani.

Kidole wamekikata.

Nimeanzishiwa tembe nyeupe, mbili kwa siku, siku kumi. Daktari alikaa kitandani kwangu akaniambia taratibu kwamba hii ndiyo dawa ya mwisho ambayo vijidudu vyangu bado vinaiogopa. Hii nayo ikishindwa, kinachofuata ni mguu. Akaniapisha kwamba tembe zote zitamalizwa. Niliapa huku machozi yananitoka, na nilikuwa mkweli.

Jumatano, 26 Machi.
Siku ya tano imekwisha jana. Homa hakuna. Usaha hakuna. Nimekwenda msalani bila fimbo. Daktari huyu ni bingwa.

Tatizo ni wodi. Mzee Kombe, kitanda cha kushoto, ana donda la mguu ambalo hata nzi wanalionea huruma. Kiponda wa kulia anakohoa. Randu wa dirishani hajui anaumwa nini, lakini anaumwa. Wote wanazitazama tembe zangu kumi nyeupe, na wamesikia nilivyosimuliwa nguvu zake. Nitalalaje na akiba kama hii katikati ya watu wanaougua? Mimi ni kiongozi, si mchoyo.

Tawi la Malindi limezinduliwa leo saa nne, mara tu daktari alipotoka. Wanachama watano, kila mmoja mbili. Na kiapo sikukivunja. Niliapa tembe zote zitamalizwa, na kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimekwisha.